Maua ya Pwani mwaka mzima: kinachochanua Kipupwe, Vuli, Kaskazi na Masika

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mchana mrefu kuliko yote wa mwaka unaupita mfupi kwa muda usiofika saa moja, na hata usiku wa Julai mmea haupati baridi ya kuulaza. Ndiyo maana bustani ya Pwani inaweza kuwa na ua kila mwezi. Kinachoamua lipi lichanue lini ni mvua, ukame, upepo na mkasi. Mvua na upepo vina majira yao. Ukame wa mizizi na mkasi viko mikononi mwa mwenye bustani, na hapo ndipo ilipo kazi yenyewe.

Tarehe za hapa zinafuata Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga, Unguja na Pemba. Mombasa inafanana nazo, ila mvua zake kubwa hukolea Mei badala ya Aprili, kwa hiyo kazi za baada ya Masika zicheleweshe wiki tatu hivi. Lindi na Mtwara zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Huko chukua maelezo ya mmea, tarehe zipange upya kwa mvua zenu.

Kipupwe, Juni hadi Agosti

Hesabu ya mwaka ianzie hapa, mvua zikishakatika. Joto limepungua, udongo bado una unyevu chini, na pepo za Kusi zinavuma. Huu ndio wakati wa bogenvilia, waridi na zinia.

Bogenvilia ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko maua yote ya mtaani. Ile rangi ya zambarau, nyekundu au machungwa si ua. Ni vijani vilivyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kilicho katikati yake. Vijani hivyo hutoka kwenye ncha za matawi machanga, mmea ukihisi kiu kidogo na jua likiwa kamili, saa sita kwa siku au zaidi. Ukiimwagilia kila jioni kama mchicha, na kuirushia urea, itakupa majani na miiba mirefu mwaka mzima.

Mwishoni mwa Mei au wiki ya kwanza ya Juni, kata theluthi moja ya urefu wa kila tawi na uondoe kabisa yale matawi marefu manene yanayopanda wima bila kugawanyika. Acha ichipue kwa wiki tatu au nne, ukiimwagilia kawaida. Kisha punguza maji. Usihesabu siku, tazama ncha changa asubuhi, kabla jua halijawa kali. Zikiwa zimelegea asubuhi, ipe maji: lita 3 kwa chungu chenye upana wa sentimita 30, ndoo moja ya lita 20 kwa mmea mkubwa ulio ardhini. Zikilegea mchana tu na kuinuka jioni, subiri. Rudia hivyo mpaka vijani vidogo vyenye rangi vianze kuonekana, na tangu hapo rudisha maji ya kawaida, kwa sababu kiu ya kupita kiasi wakati huo huangusha rangi yote kwa siku mbili. Mbolea ikihitajika, itoe mara moja baada ya kupogoa: vifuniko viwili vya soda vya NPK 17:17:17 (kifuniko kimoja ni kama gramu 5) kwa mmea wa chungu, ukizungushia pembeni mbali na shina.

Uzio wa bogenvilia unaokatwa kila wiki hauchanui, na sababu ni rahisi: unazokata ni zile ncha zinazobeba rangi. Ukitaka ukuta ulionyooka na wenye rangi pia, kata mara mbili kwa mwaka, Juni na mwishoni mwa Desemba, halafu weka mkasi chini.

Waridi Pwani linakubali, ingawa linachoka haraka kuliko kule Lushoto au Arusha. Maua yake mazuri hupatikana Julai hadi Septemba. Wiki ya kwanza ya Juni pogoa hadi kimo cha goti, kama sentimita 45, ukibakiza matawi manne au matano yenye afya. Kila mkato uwe wa mshazari, nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, ili tawi jipya liende nje na katikati ya mmea pabaki na hewa. Okota majani yote yaliyoanguka, uyachome au uyatupe mbali. Ndiyo yanayohifadhi ugonjwa wa madoa meusi. Baada ya wiki mbili, machipukizi yakiwa na urefu wa kidole, tia nusu debe la samadi iliyooza vizuri na matandazo juu yake. Ua la kwanza hufunguka wiki ya sita hadi ya nane.

Madoa meusi yenye kingo za njano kwenye majani ya waridi ni ukungu, na vimelea vyake vinahitaji jani libaki na maji kwa takriban saa saba mfululizo ndipo viingie. Ukijua hilo, tiba kubwa umeshaipata: mwagilia shinani, asubuhi, usimwagie majani jioni. Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga, ambao hupenda hewa iliyotulia kati ya mimea iliyobanana. Nafasi ya sentimita 60 hadi 75 kati ya mwaridi na mwaridi huupunguza sana. Na ikitokea matawi yenye nguvu, yenye majani ya sura tofauti, yanachomoza chini ya kifundo cha kubebeshea (pale waridi lilipounganishwa na shina la mmea mwingine), yang'oe kwa mkono mpaka kwenye chanzo chake. Hilo ni shina la mama linalotaka kuimeza waridi uliyonunua. Kulikata juu juu ni kuliongezea vichwa.

Zinia zipande kwa mbegu moja kwa moja kitaluni mwanzoni mwa Juni, kina cha nusu sentimita, nafasi sentimita 25 hadi 30. Huota siku ya 4 hadi ya 7, na huchanua baada ya wiki nane hivi. Mche ukifika sentimita 15 hadi 20, vunja ncha ya juu. Utachukia siku hiyo na kufurahi Agosti, maana shina moja litakuwa manne. Kata maua kila mara uyaweke mezani. Zinia iliyoachwa ifunge mbegu huona kazi yake imekwisha.

Neno moja kuhusu Kusi kwa wanaoishi karibu na bahari. Upepo huo hubeba chumvi, na chumvi hiyo huunguza kingo za majani upande mmoja tu wa mmea, ule unaotazama bahari. Ukiona hivyo, suuza majani asubuhi kwa maji matamu baada ya siku ya upepo mkali. Kizuizi kizuri cha upepo ni ua wa mimea au makuti yenye matundu. Ukuta mzima huufanya upepo uruke juu na kuanguka kwa kishindo upande wa pili, palepale ulipopanda maua.

Kuelekea Vuli

Septemba, Demani ikiingia na upepo ukitulia, ndiyo wakati wa kushughulikia mwasumini. Hakuna ua ambalo nyumba za Pwani zinalidai kama hili: koja, vikuba (vishada vidogo vya maua na majani ya harufu), kitanda cha maharusi, maji ya kunawa wageni. Na bado miasumini mingi ya uani hutoa maua machache kwa wiki kwa sababu haijaguswa na mkasi kwa miaka.

Asumini hutoka kwenye chipukizi jipya peke yake. Tawi la mwaka jana halitoi ua. Linatoa matawi yatakayotoa ua. Basi wiki ya mwisho ya Septemba kata mmea wote ubaki sentimita 45 hadi 50 kutoka ardhini, ondoa matawi makavu na yanayopishana, na upukute majani yaliyobaki. Utaonekana kama kisiki, na jirani atakuuliza umekukosea nini. Chimbua kidogo kuuzunguka, kina cha sentimita 10, umbali wa sentimita 30 kutoka shinani, uweke debe moja la samadi ya zamani na vifuniko sita vya soda vya NPK, ufukie na kumwagilia ndoo moja. Mvua za Vuli na joto la Novemba zitafanya mengine: matumba ya kwanza huonekana wiki ya sita hadi ya nane, na mmea huendelea kuzaa kwa mawimbi Kaskazi yote kama haukosi maji. Mmea mzima ulio ardhini unataka ndoo moja kila siku ya tatu wakati wa jua kali.

Kama umefanya hayo na maua bado ni haba, tazama kivuli. Mwasumini ulio chini ya mwembe hukua vizuri na hauzai. Sababu ya pili ni naitrojeni nyingi, hasa samadi mbichi ya kuku, ambayo pia huunguza mizizi. Samadi ya kuku iache ioze miezi mitatu chini ya kifuniko. Ikiwa bado ina moto ukiingiza mkono, haijawa tayari. Matumba yakiwa na tundu na kubadilika rangi kabla ya kufunguka, kuna kiwavi ndani: yachume yote, pamoja na yaliyoanguka, uyafunge kwenye mfuko na kuyatupa.

Kuchuma nako kuna saa yake. Tumba huchumwa alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, likiwa limejaa, jeupe kabisa, halijafumbuka. Linafunguka lenyewe baada ya magharibi likiwa tayari kwenye uzi. Ukingoja kuchuma asubuhi ya pili utapata maua yaliyokwisha kutoa harufu, yanayogeuka kahawia kwenye vidole. Kwa safari, yafunge kwenye jani la mgomba lenye umande, plastiki huyapika.

Vikuba havikamiliki bila mrehani, nao ni rahisi: panda mbegu Oktoba, na kila mche ukitoa kichwa cha maua ukikate, ukibakiza jozi mbili za majani chini ya mkato. Mlangilangi ni mti, na ukiachwa hupanda juu hadi maua yake yasifikike. Fanya kama wafanyavyo mashambani Komoro: ukifika mita 2 hivi kata kilele, na vuta matawi ya pembeni yainame. Ua huanza kijani bila harufu kubwa, hukaa karibu wiki tatu, kisha hugeuka njano. La kuchuma ni la njano, asubuhi na mapema.

Mvua za kwanza za Vuli huamsha pia vitunguu vya maua vilivyolala ardhini. Lile ua jekundu la duara kama mpira, linalochomoza peke yake kabla ya majani yake, ni mmea wa Afrika wa asili na hupatikana hata vichakani. Kosa linaloua vitunguu hivi ni kumwagilia wakati wa ukame baada ya majani kunyauka. Vinahitaji kulala pakavu. Weka kijiti mahali vilipo ili mtu asivifumue kwa jembe.

Novemba na Desemba ni zamu ya mkrismasi, mti wa asili ya Madagaska ambao jina lake linaeleza mwezi wake. Unapendeza barabarani na kwenye viwanja vikubwa. Kwenye uwanja mdogo usiupande: mizizi yake hutambaa juu juu na kuinua sakafu, na kivuli chake huua maua mengine chini. Mita 8 hadi 10 kutoka ukutani ndiyo iwe ya chini kabisa.

Anayetaka kitalu chenye rangi mwisho wa mwaka asie marigodi katikati ya Septemba, kwenye trei au viriba (vifuko vya plastiki vya kuoteshea), na kuihamisha ikiwa na jozi tatu za majani ya kweli. Maua yake huanza baada ya wiki nane hadi kumi. Marigodi fupi za Kifaransa zina faida nyingine: zikijaa kitaluni msimu mzima hupunguza minyoo fundo, ile inayofanya mizizi ya mimea mingine iwe na vinundu.

Kaskazi, Desemba hadi Machi

Jua la Februari ndilo linaloonyesha nani amepanda kwa akili. Franjipani, alamanda ya njano, vinka, potulaka na waridi la jangwani hufurahia. Karibu kila kitu kingine huvumilia.

Franjipani huanza kutoa vikonyo vya maua joto linaporudi, mara nyingi kwenye matawi yasiyo na jani, na huendelea kwa miezi. Kuipanda, kata tawi la sentimita 30, liache kivulini siku 7 hadi 14 mpaka utomvu ukauke na mkato ufunge, kisha lichomeke kwenye mchanga mtupu. Ukilipanda mbichi, litaoza kuanzia chini. Kwa waridi la jangwani kanuni ni hiyohiyo ya ukavu: chungu chenye tundu kubwa, nusu mchanga wa mtoni nusu udongo wa kichanga, maji mara moja kwa wiki. Ukitaka lile shina nene lililovimba, panda kwa mbegu. Vipandikizi havilitoi vizuri. Utomvu wake ni sumu kali, uliwahi kupakwa kwenye mishale, na alamanda na vinka nazo ni sumu zikiliwa. Zisiwe mahali mtoto anatambaa au mbuzi anafika, na nawa mikono baada ya kukata.

Udongo ulio wazi hukauka kwa siku moja. Tandaza sentimita 5 hadi 7 za nyasi kavu au majani, ukiacha duara tupu la sentimita 5 kuzunguka shina ili lisioze. Vipande vya makumbi ya nazi chini ya chungu hushika maji vizuri, lakini uliza yametoka wapi: makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba yamejaa chumvi. Yaloweke kwenye maji matamu na kuyamwaga mara tatu, siku moja kila mara.

Chumvi hiyohiyo hutoka kwenye visima vya nyumba nyingi za Dar es Salaam. Dalili yake ni ncha za majani zilizoungua na ukoko mweupe juu ya udongo wa chungu. Mara moja kwa mwezi mimina maji matamu mara mbili ya ujazo wa chungu, polepole, yatoke yote chini. Pasipo na maji matamu kabisa, baki na bogenvilia, vinka na potulaka, na usipoteze fedha kwa waridi na gardenia.

Vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba kwenye vikonyo vya hibiskasi, huzidi kipindi hiki. Kata ncha zilizojaa, kisha nyunyiza maji yenye kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, chini ya majani, kila siku ya tano mara tatu. Angalia na sisimizi: hula utamu wa wadudu hao na kuwalinda, kwa hiyo bila kuzuia sisimizi shinani utarudia kazi milele. Matumba ya hibiskasi kuanguka bila kufunguka mara nyingi ni kiu; lakini ua kufa baada ya siku moja si ugonjwa, ndivyo lilivyo.

Masika, Machi hadi Mei

Iksora, kana, helikonia na lili za mvua ndizo zenye zamu. Iksora ikiwa na majani ya njano yenye mishipa ya kijani, tatizo si ukosefu wa mbolea kwa jumla. Ni chuma, ambacho udongo wa matumbawe wa Unguja na Mombasa, au chokaa na saruji iliyomwagika wakati wa kujenga ukuta, hukifunga mizizi isikipate. Chimba uone. Kama kuna kifusi, hamisha mmea angalau mita 1 au upande kwenye chungu chenye udongo wa bara na mboji. Dukani ulizia chuma cha aina ya EDDHA. Salfeti ya chuma ya kawaida hufungwa na udongo huo kama chuma kilichomo tayari.

Katika wiki hizi kinachoua maua ni maji yaliyosimama. Inua vitalu sentimita 20 hadi 25. Vinka ikilegea ghafla huku udongo umelowa, shina likiwa jeusi chini, imeoza. Ing'oe, na usirudishe vinka hapo mwaka huo. Konokono wakubwa waokote usiku kwa tochi, saa moja baada ya mvua, ukivaa glavu. Visahani vya chini ya vyungu vijaze mchanga au uviondoe kabisa, kwa sababu maji ya siku saba yanatosha kuzalisha mbu wa denge, ugonjwa uliolikumba jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Unyevu huohuo ndio unaofaa kwa vipandikizi. Aprili kata matawi ya asumini, bogenvilia na hibiskasi yenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, yenye vifundo vinne. Chini kata mshazari, chini kidogo tu ya kifundo, juu kata mlalo, ili usipande kichwa chini. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, uyakate nusu. Zamisha vifundo viwili kwenye viriba vya mchanga uliochanganywa na mboji, sehemu mbili kwa moja, chini ya kivuli cha makuti. Usivute kuangalia mizizi. Baada ya wiki nne hadi sita, chipukizi jipya lenye majani manne ndilo jibu. Bogenvilia ipe wiki mbili zaidi, na siku ya kuihamisha pasua kiriba pembeni na ishushe shimoni pamoja na udongo wake wote, maana mizizi yake ni myembamba mno na ikitikisika hukatika.